Santuri za Benga Nazo ni Fasihi Simulizi

Kila mwaka walimu wa Kiswahili huwatuma wanafunzi wao vijijini kukusanya nyimbo. Wanafunzi hurejea na bembelezi, nyimbo za kupiga makasia, za kilimo, za harusi na za matanga. Ni kazi njema, na aghalabu huifanya kwa bidii. Hata hivyo, katika miaka thelathini na ushei niliyokaa darasani, sikumpata mwanafunzi hata mmoja aliyerejea na wimbo wa benga bila kusukumwa. Nilipouliza sababu, jibu lilikuwa lile lile: "Mwalimu, huo una gita."

Naam, una gita. Je, ndiyo kusema kwamba siku mtu wa ziwani alipoiweka nyatiti chini na kulishika gita aliacha kuwa fanani? Vitabu vyetu havisemi hivyo waziwazi, lakini mifano yake inasema. Nyimbo zinazotolewa humo ni za mama anayembembeleza mtoto na za wazee wanaorejea kutoka mawindoni. Ukizisoma utadhani jamii zetu ziliimba mpaka mzungu alipofika na gramafoni yake, kisha zikanyamaza.

Naandika haya nikiwa shabiki kwanza na mwalimu baadaye. Nimekulia Muhuru Bay, katika pembe ya mwisho kabisa ya Kenya upande wa kusini-magharibi, mahali ambapo leo ni Kaunti ya Migori na siku zile palikuwa Wilaya ya Nyanza Kusini. Mbele yetu lilikuwa ziwa. Kando yetu mpaka wa Tanzania. Usiku wavuvi wa omena walipowasha karabai zao, mgeni angeweza kudhani kuna mji mkubwa majini. Umeme haukuwapo. Redio ilishika stesheni za nchi mbili, Nairobi na Dar es Salaam, na mara nyingine zote kwa wakati mmoja, hata habari za serikali moja zikachanganyika na taarabu ya serikali nyingine.

Mjomba wangu, ambaye kwetu twamwita nera, alikuwa mchuuzi wa samaki na alikuwa na gramafoni ya betri. Betri zilipochoka alizianika juu ya bati ili jua lizirudishie uhai, nasi watoto tulizilinda kama watu wanaolinda samaki wasiliwe na kunguru. Jioni zilirudi katika gramafoni. Hapo ndipo nilipoijua sauti ya D.O. Misiani.

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 kijijini Nyamagongo, karibu na Shirati, ng'ambo ya mpaka. Kutoka Muhuru hadi Shirati ni safari ya asubuhi moja kwa baiskeli. Wakubwa wa nyumbani kwao hawakulitaka gita kwa sababu za dini, naye akavuka kuingia Kenya, na katika miaka ya 1960 akaunda kundi lililobadili majina mara kadhaa kabla ya kutulia kwenye jina ambalo kila mtu wa ziwani analijua: Shirati Jazz. Kwa hiyo mtu ambaye Wakenya wengi humwita babu wa benga alizaliwa Tanzania. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi nimesikia benga ikigombewa kama shamba, na kila mgombezi huanza hesabu zake mahali panapompendeza.

Mpaka huo ulifungwa Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa wakubwa wa Nairobi na Dar es Salaam huo ulikuwa ugomvi wa ndege, reli na mabenki. Kwetu uliwatenga wakwe na wakwe. Hata hivyo santuri hazikujua sera. Zilichapwa Nairobi, zikashuka hadi Kisii na Migori, zikafika ufukweni Muhuru, na usiku zikavuka kwa mtumbwi pamoja na sabuni na sukari. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, na jambo hilo lilinifurahisha mno: wimbo wa mtoto wa Shirati ulikuwa ukirudi Shirati kwa magendo.

Sasa nieleze kidogo sauti yenyewe, maana mwanafunzi wa leo huenda anaijua kupitia spika kubwa za disko matanga tu, ambako kila kitu ni mtikisiko. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane. Mpigaji wake, jathum, huketi akiwa ameiegemeza chini, hupiga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, na wakati huohuo huigonga kwa pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu. Njuga za mguuni huongeza mlio wake. Mtu mmoja basi ni ala tatu na sauti. Wapigaji wa benga walichukua kazi hiyo ya mtu mmoja wakawagawia watu wanne au watano. Gita la mbele likapokea nyuzi za juu, likawa halimwachi mwimbaji amalize mstari bila kumjibu. Gita la besi likakataa kukaa nyuma. Hukimbia, husimama, hurudi, kama mtu anayebishana na wenzake. Ngoma zikashika kazi ya pete na njuga.

Santuri za siku zile zilikuwa ndogo, zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika, na kila upande ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo wa benga haukutosha humo. Kwa hiyo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Mara nyingi upande wa kwanza ulibeba maneno, na pale ambapo waimbaji walinyamaza na magita yakaanza kupanda, santuri ilikwisha. Mtu alilazimika kuinuka, kuigeuza na kuirudisha sindano. Wachezaji walisimama uwanjani wakingoja, mguu mmoja hewani. Nimesikia wimbo mzima ukipigwa bila kukatika katika mitambo ya leo, na nakiri kwamba kitu fulani kimepungua: kule kungoja kulikuwa sehemu ya wimbo.

Mwaka 1978 niliingia shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Jumamosi jioni tuliruhusiwa muziki katika ukumbi wa kulia chakula. Boney M iliruhusiwa, ABBA iliruhusiwa. Nilileta santuri mbili za Shirati Jazz zilizofungwa katika gazeti, na mwalimu wa zamu akazivunja juu ya goti lake mbele ya darasa zima, akisema kwamba huo ni muziki wa walevi na wavuvi. Baba yangu alikuwa mvuvi na hakuonja pombe maishani mwake. Sikumjibu mwalimu, wakati ule mwanafunzi hakumjibu mwalimu.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi tangu nilipokuwa mwalimu. Halikuwa chuki ya mtu mmoja. Lilikuwa sehemu ya mpangilio ambamo kilichotoka mbali kilikuwa muziki, na kilichotoka nyumbani kilikuwa kelele au, kikiheshimiwa sana, kilikuwa "utamaduni", yaani kitu cha kuvalia njuga siku ya mashindano. Redio yenyewe ilikuwa na tatizo hilo. Machi 1980 wakuu wa Sauti ya Kenya walitangaza kwamba asilimia 75 ya muziki utakaopigwa uwe wa Kenya. Kelele zilizopigwa na waliozoea muziki wa kigeni zilikuwa kubwa, na amri hiyo haikudumu.

Ajabu ni kwamba aliyenifundisha kuipigania benga kwa hoja alikuwa kijana Mwingereza. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya Nyanza Kusini, na katika nyumba iliyopakana na yangu aliishi mwalimu wa kujitolea wa hesabu. Alikuja na nguo chache na kanda nyingi. Usiku, baada ya kusahihisha madaftari, alinisikilizisha muziki wa ujana wake, nami nikamsikilizisha wangu.

Alinieleza kwamba mnamo 1976 na 1977 vijana wa Uingereza wasio na kazi wala mafunzo ya muziki walishika magita ya bei nafuu na kuimba kwa hasira. Muziki huo waliuita panki. Wimbo wa Sex Pistols kuhusu Malkia ulipigwa marufuku na BBC mwaka 1977. Hasira ile ilipopoa kidogo, wengine waliofuata walianza kuuliza gita linaweza kufanya nini zaidi ya kupiga kelele. Huo ndio muziki unaoitwa posti-panki, na baadaye ukazaa ule ambao vijana wetu leo wanauita mbadala. Aliyapenda makundi ya Manchester na vitongoji vyake: Joy Division, The Fall, The Smiths.

The Fall sikuwaelewa hata kidogo, na mpaka leo siwaelewi. Joy Division walinigusa. Kundi hilo lilitoa sahani yake ya kwanza, "Unknown Pleasures", mwaka 1979 kupitia Factory Records, kampuni ndogo ya mji wao wenyewe, na mwimbaji wake, Ian Curtis, alijiua Mei 1980 akiwa na miaka 23 tu. Kilichonishtua ni besi. Peter Hook aliipiga juu, kwenye nyuzi nyembamba, na besi ikabeba wimbo ilhali gita likizunguka pembeni. Nilimwambia jirani yangu, "Huyu anapiga besi kama mtu wa benga." Alicheka, kisha nikamwekea santuri ya Victoria Jazz ya Collela Mazee, akanyamaza. Gita la Johnny Marr wa The Smiths lilinipendeza kuliko yote: safi, jepesi, lisilokaa mahali pamoja. Maneno ya kundi hilo yalikuwa ya huzuni kuliko matanga.

Kanda mojawapo ilikuwa imenaswa moja kwa moja kutoka redioni, kipindi cha usiku cha John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki Oktoba 2004. Huyo ndiye aliyewapa nafasi makundi hayo wakati wengine walipoyapuuza. Katikati ya magita ya Kiingereza, bila taarifa yoyote, yakaingia magita mengine. Nikaruka kitini. Walikuwa Bhundu Boys wa Zimbabwe, waliofika Uingereza mwaka 1986 na ambao Peel aliwapenda mno. Jirani yangu alidhani nimeruka kwa sababu ni Waafrika. La. Niliruka kwa sababu katika magita yale nilisikia ziwa.

Maelezo yapo, nayo si ya kubahatisha. Mfanyabiashara wa muziki Phares Oluoch Kanindo, mtu wa Homa Bay ambaye baadaye alikuwa mbunge, alirekodi wapigaji wengi wa benga katika miaka ya 1970, na santuri zake ziliuzwa hadi kusini mwa Afrika. Zimbabwe zilipendwa kiasi kwamba watu wa huko waliuita muziki wenyewe "kanindo", kwa jina lililochapwa kwenye santuri. Wapiga magita wa huko walijifunza kwa santuri hizo. Kwa hiyo mlio uliotoka Nyanza Kusini ukashuka hadi Harare, ukapanda ndege hadi London, ukarushwa hewani baina ya vijana wa Manchester, ukanaswa katika kanda, na kanda ikarudi Nyanza Kusini katika begi la mwalimu wa hesabu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba muziki wa kupinga, wa kufikiri, wa vijana walio nje ya mkondo mkuu, ni kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo, anadanganywa.

Sisemi kwamba benga na posti-panki ni kitu kimoja. Vijana wa Manchester waliimba juu ya upweke. Benga haijui upweke. Mtu akilia katika benga, analia mbele ya kijiji kizima na majina ya wajomba zake yakitajwa. Tofauti hiyo ndiyo inayonirejesha kwenye darasa la fasihi.

Chukua Misiani tena. Alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, na ukizisikiliza kwa sikio la haraka huwezi kuelewa kwa nini. Anaimba juu ya wanyama. Anasimulia kisa cha Biblia. Anamsifu mtu aliyekufa. Lakini wasikilizaji wake walijua mnyama ni nani na mfalme wa Biblia anaishi mtaa gani. Wimbo wake "Bim en Bim", jina ambalo maana yake ni kwamba nyani ni nyani tu, ulisikilizwa ziwani kote kama maoni ya kisiasa, na hapakuhitajika mtu wa kufasiri. Hiyo ni jazanda. Hicho ni kinaya. Hiyo ni lugha ya kitendawili inayomlinda msemaji, ile ile tunayoisifu katika mashairi ya Muyaka bin Haji tunapofundisha ushairi wa Mombasa wa karne ya 19. Kwa Muyaka tunaiita hekima, kwa Misiani tunaiita muziki wa baa.

Au chukua jina la wimbo mwingine, "Piny Ose Mer". Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London iliitoa sahani ya Misiani kwa jina hilo, ikaongeza tafsiri ya Kiingereza yenye maana ya dunia iliyopinduka juu chini. Si tafsiri mbaya, lakini imepoteza kitu kikuu. Kwa Dholuo dunia haikupinduka, imelewa. Mlevi ni mtu. Ana uso, ana kesho yake ya kuamka na kuona aibu, na watu wa nyumbani kwake watamchukua na kumlaza. Tashihisi yote hiyo imezama. Ningekuwa bado darasani ningelitumia neno hilo moja kufundisha tafsiri kwa vipindi viwili, na ningewaachia wanafunzi wabishane kama Kiswahili kiseme "dunia imelewa" au "walimwengu wamelewa".

Kuna pia pakruok. Katika dansi ya Waluo mtu huweza kusimamisha muziki, akalipa kidogo, akajisifu au akamsifu rafiki yake kwa majina ya majigambo, kisha muziki ukaendelea. Desturi hii ni ya zamani kuliko gita. Benga iliiingiza katika santuri: mwimbaji huwataja marafiki, wafadhili, wakwe, vijiji vyao, kazi zao, ukoo wao. Tunafundisha majigambo kama utanzu wa fasihi simulizi na kutafuta mifano ya mashujaa wa vitani. Mifano ya watu waliouza samaki na kusomesha watoto iko katika santuri, na wajukuu wa waliotajwa wanakaa katika madarasa yetu. Kwa sehemu kama Muhuru, ambayo haikuandikiwa vitabu vingi vya historia, majina hayo ni kumbukumbu za aina yake.

Najua yatakayosemwa. Kwanza watasema kwamba nyimbo hizo ni za Dholuo na somo ni Kiswahili. Lakini nyimbo za kilimo na za harusi tunazozikusanya, zote zimetoka katika lugha za kwanza za jamii, nasi huzifasiri bila kulalamika. Isitoshe, wapo wapigaji wa benga waliotunga kwa Kiswahili. Gabriel Omolo, katika miaka ya mwanzo ya 1970, alitoa "Lunch Time", wimbo wa Kiswahili unaowatazama wafanyakazi wa Nairobi saa ya chakula cha mchana, mwenye pesa na asiye nazo. Princess Jully, aliyelishika kundi la mumewe baada ya Prince Jully kufariki mwaka 1997, alitikisa nchi nzima kwa "Dunia Mbaya", wimbo wa kuonya juu ya UKIMWI. Ilikuwa miaka ileile ambayo Rais Moi alikuja kuutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa, Novemba 1999. Sisi wa ufukweni tuliozika kila wiki hatukuhitaji tangazo. Lakini palihitajika mtu wa kulitaja jambo hilo hadharani mbele ya watu waliokuja kucheza, na aliyelitaja alikuwa mwanamke mwenye kipaza sauti.

Pili watasema nyimbo hizo zimejaa mapenzi na ulevi. Nyingine ndivyo zilivyo, na sina haja ya kuzitetea zote. Benga ya miaka ya karibuni imenichosha mara nyingi kwa orodha ndefu za matajiri wanaosifiwa kwa sababu wamelipa. Lakini nyimbo za harusi za kienyeji nazo zina matusi ambayo mwalimu huyaruka kimyakimya, na hakuna aliyewahi kusema harusi ziondolewe katika silabasi. Mwalimu huchagua. Ndiyo kazi yake.

Suala lisilongoja ni santuri zenyewe. Katika miaka ya 1980 kanda zilizonakiliwa kiholela ziliua biashara ya santuri, na kampuni kubwa za kigeni zikafunga virago. Kilichochapwa kwa maelfu kikabaki kutawanyika majumbani: chini ya vitanda, juu ya kabati, katika masanduku ya bati yaliyoliwa na kutu. Joto huipinda santuri, mchanga wa ufukweni hukwaruza mifereji yake, na mchwa hula jalada la karatasi lenye jina la mtunzi. Wakati huohuo waliozinunua wanafariki. Santuri inaweza kuokolewa hata baada ya miaka hamsini. Lakini yule bibi anayejua nani alikuwa "mwana wa fulani aliyevuka na mtumbwi mwekundu" katika ubeti wa tatu hataokolewa na mtambo wowote.

Wapo waliokwisha kuanza. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa mwaka 2008 kitabu na rekodi ziitwazo "Retracing the Benga Rhythm". Mwaka 2007 Kimani Njogu na Hervé Maupeu walihariri "Songs and Politics in Eastern Africa", ambamo mna sura nzima ya Adams Oloo juu ya Misiani na siasa. Mwalimu asiyevijua vitabu hivi avitafute. Lakini watu wachache wa Nairobi hawawezi kuingia kila nyumba ya Nyatike, Karungu na Mbita. Mwanafunzi anaweza, kwa sababu anaishi humo.

Historia imetuonyesha nini hutokea tukiwaachia wengine. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya na mitambo yake akinasa nyimbo, zikiwamo za Wakipsigis waliomwimba mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers, waliyemsikia katika gramafoni na kumgeuza kiumbe nusu mtu nusu mnyama kwa jina la Chemirocha. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini. Zilirudishwa kwa wenyewe katika miaka ya 2010, miaka sitini na zaidi baadaye, na wengi walioziimba walikuwa wamekwisha kuaga dunia. Namshukuru Tracey kwa kuzihifadhi. Lakini za benga hakuna Tracey aliyezinasa vijijini kwa ajili ya maktaba. Zilikuwa bidhaa, na bidhaa hudhaniwa itakuwapo dukani siku zote. Leo mtu wa London anaweza kuwa na sahani mbili za Misiani za mwaka 1989, ile ya GlobeStyle na "Benga Blast!" ya Earthworks, katika rafu yake. Mwanafunzi wa Muhuru, aliye jirani na kijiji alikozaliwa mtunzi, hana.

Misiani mwenyewe alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Siku hiyo nilipita katika darasa la Kidato cha Tatu nikauliza nani amewahi kusoma, si kusikia, kusoma, maneno ya wimbo wake wowote. Wanafunzi arobaini na zaidi walinitazama. Nikamwita mmoja aliyeufahamu wimbo mmoja kwa moyo, akauimba polepole bila gita, na wenzake wakayaandika maneno ubaoni, Dholuo upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Kengele ililia tukiwa bado tunabishana juu ya neno moja, na walikataa kutoka. Nimefundisha tamthilia, riwaya na arudhi kwa miaka mingi. Kengele ilipolia, hakuna aliyekataa kutoka.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni dogo, wala halihitaji idhini ya wizara. Mwanafunzi anapotumwa nyanjani likizo ya Agosti, aambiwe kwamba wimbo wenye gita unakubalika. Aandike jina la wimbo, la mwimbaji, na namba iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, maana namba hiyo ndiyo huwasaidia watafiti kujua mwaka na kampuni. Kama hakuna gramafoni, na mara nyingi haipo, mwenye santuri hukumbuka wimbo. Na aimbe, simu ya mkononi itamnasa. Kisha mwanafunzi aulize kila jina lililotajwa ndani: huyu alikuwa nani, alikaa wapi, watoto wake wako wapi. Rekodi hizo zisiwekwe hadharani wala kuuzwa, maana watunzi na warithi wao wana haki zao, na wengi walikwisha kunyonywa vya kutosha. Daftari la maneno na maelezo likae katika maktaba ya shule.

Kwa aliye Muhuru ningesema aanze na nyumba za wachuuzi wa samaki wa zamani zilizo karibu na ufuko, kwa sababu hao ndio waliokuwa na fedha za kununua gramafoni, na aende kabla ya mvua za masika. Masanduku mengi yamewekwa chini, na paa nyingi zinavuja.